Chupa Isiyopanda Melini: Wasafiri wa Muthangari na Kanuni za Vinywaji Baharini

Kampuni za meli za kitalii, yaani zile meli kubwa ambamo abiria hulala, hula na kustarehe kwa siku kadhaa huku zikitia nanga katika bandari moja baada ya nyingine, huuza nafasi kwa bei ambayo mara nyingi haipishani sana na ile ya hoteli ya wastani ya ufuoni, kisha hutia katika mkataba wa tiketi kifungu kifupi ambacho wasafiri wengi hukifahamu wakiwa tayari wamesimama kwenye foleni ya gati. Kifungu hicho hueleza ni vinywaji gani abiria anaruhusiwa kupanda navyo, kwa kiasi gani na siku gani, na jinsi chupa itakayozidi kipimo itakavyoshughulikiwa. Kwa juu juu jambo hili ni dogo, la mizigo tu; likichunguzwa, hata hivyo, linaonyesha wazi kuliko tangazo lolote namna biashara hiyo inavyojilipa, na linazua swali ambalo Wanairobi wanalijua tangu zamani kutokana na kumbi za harusi, majumba ya sinema na gari-moshi la Mombasa: ni nani mwenye haki ya kuamua abiria au mgeni anywe nini, na kwa bei ya nani?

Swali hilo linawagusa wakazi wa Muthangari zaidi ya inavyoweza kudhaniwa kuhusu mtaa ulio mamia ya kilomita kutoka baharini. Eneo hili la magharibi mwa Nairobi, lililobanwa kati ya Lavington, Kileleshwa na Westlands, ni sehemu ya ardhi iliyobadilishwa sura na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya St Austin's mwaka 1899 na kupanda kahawa ambayo mbegu yake ilisambaa katika mashamba mengi ya nyanda za juu. Kahawa imekwisha kung'olewa, na mahali pa nyumba za bustani zilizofuata panainuka majengo ya ghorofa wanamoishi wafanyakazi wa benki, wa mashirika ya kimataifa na wafanyabiashara, ambao mawakala wa safari huwauzia likizo za meli zinazoondoka Dubai wakati wa majira ya baridi ya kaskazini, Durban wakati wa kiangazi cha kusini, na bandari za Mediterania katikati ya mwaka. Mombasa nayo ina kituo chake cha abiria wa meli katika gati namba 1 la bandari ya Kilindini, lakini meli nyingi zinazofika huko hupita tu na wageni waliopandia kwingine. Kwa hiyo Mkenya anayetaka safari ya aina hii kwa kawaida hulazimika kuruka kwanza kwa ndege, na chupa yake, kama anayo, hupitia mikono ya wakaguzi wengi kabla ya kuona maji ya chumvi.

Msafiri huyo anatoka katika desturi ambayo kufika na kinywaji ni heshima. Katika sherehe za mahari za Wakikuyu, zinazoitwa ruracio, ujumbe wa upande wa bwana harusi haufiki kwa wakwe bila kreti za soda na bia, na kwa wanaoshika mila, muratina, pombe ya asali au miwa inayochachushwa kwa tunda la mti wenye jina hilohilo. Waswahili nao husema kwamba mkono mtupu haulambwi. Hata mwaliko wa nyama choma nyumbani kwa rafiki Jumamosi jioni huambatana na matarajio kwamba kila mgeni atafika na chake, iwe mvinyo, iwe ile chupa ya mililita 750 ya pombe kali ambayo mitaani huitwa mzinga, iwe juisi ya watoto. Ni katika mazingira ya kibiashara tu ndipo desturi hii hugeuka kuwa kosa, au kuwa jambo la kutozwa ada.

Ada hiyo ina jina. Wenye kumbi na mikahawa ya Nairobi huitoza kwa kila chupa iliyonunuliwa kwingine na kufunguliwa kwao, na katika hati za makadirio ya gharama za harusi huandikwa kwenye mstari wake peke yake, kwa kawaida karibu na mwisho, chini ya hema, viti na vyombo vya muziki. Kwa Kiswahili inaweza kuitwa ada ya kizibo. Kamati za harusi, ambazo hujumuisha angalau mjomba mmoja anayejua bei za jumla za vinywaji kuliko meneja wa ukumbi, hutumia muda mrefu zaidi kubishania mstari huo kuliko mistari iliyo juu yake. Mjadala huwa wa hesabu tupu: kama ada ikijumlishwa na bei ya duka la jumla bado inabaki chini ya bei ya baa ya ukumbi, kreti huletwa, kama sivyo, ukumbi huuza. Yapasa kukiri kwamba utaratibu huu, pamoja na kelele zake zote, una uungwana fulani, kwa sababu mwenye ukumbi hakatazi chupa ya mgeni bali hutaja bei ya kuivumilia, na mteja asiyeridhika anaweza kuhamia ukumbi mwingine barabara ya pili.

Melini hakuna barabara ya pili. Lakini kabla ya kulitazama hilo, inafaa kukumbuka kwamba kwa sehemu kubwa ya historia ya Bahari ya Hindi hali ilikuwa kinyume kabisa, kwani mwenye chombo aliuza nafasi ya kusafiri tu, na mengine yote yalikuwa juu ya abiria. Katika majahazi yaliyosukumwa na kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar, abiria alipanda na tende zake, nafaka zake na samaki wake wakavu. Alan Villiers, baharia na mwandishi mzaliwa wa Australia aliyesafiri katika jahazi la Kuwait hadi Zanzibar na delta ya Rufiji katika msimu wa 1938 na 1939, aliacha maelezo ya sitaha iliyofurika watu na mafurushi yao kiasi kwamba mtu hakujua pa kuweka mguu. Meli za mvuke hazikuubadilisha utaratibu huo mara moja. Kampuni ya British India Steam Navigation, iliyounganisha Bombay na pwani ya Afrika Mashariki, na ambayo meli zake Kampala na Karanja zilizojengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia bado zinakumbukwa na familia nyingi za Parklands na Ngara, ilikuwa na daraja la abiria wa sitaha, yaani wale waliolipa nauli ya chini kabisa bila chumba, ambao kwa miongo mingi walibeba vyakula vyao wenyewe na kujipikia. Karanja iliondolewa katika njia hiyo mwaka 1976. Hakuna aliyewahi kumpekua abiria wa sitaha kutafuta chupa ya maji.

Tofauti kati ya Karanja na meli za leo inatokana na mahali faida inapopatikana. Mwenye meli ya zamani alipata riziki yake katika nauli na shehena, hivyo abiria aliyejilisha mwenyewe alimpunguzia mzigo. Mwenye meli ya kitalii ya leo hupata sehemu kubwa ya riziki yake baada ya abiria kupanda. Hesabu za Carnival, kundi kubwa kuliko yote katika biashara hii, zinaonyesha kwamba katika mwaka wake wa fedha wa 2024 lilipata mapato ya takriban dola bilioni 25 za Marekani, na kwamba takriban bilioni 8.5 kati yake, yaani zaidi ya theluthi moja, zilitokana na matumizi ya abiria nje ya tiketi: vinywaji, kamari, matembezi ya bandarini, maduka, intaneti na mengineyo. Kitanda, kwa maneno mengine, huuzwa kwa bei nafuu kwa sababu glasi itauzwa ghali. Abiria anayepanda na sanduku la mvinyo wake hujipatia unafuu wa kitanda bila kuchangia katika glasi, na kampuni, ambayo imekwisha kupanga nauli kwa kudhani kwamba atachangia, humwona kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mkahawa na kufungua chakula alichokuja nacho kwenye mkoba.

Kwa ajili hiyo vilibuniwa vifurushi vya vinywaji, yaani malipo ya jumla ya kila siku yanayomruhusu abiria kunywa bila kulipia kila glasi. Bei ya kifurushi chenye pombe katika meli za soko la Marekani kwa kawaida hucheza kati ya dola 60 na 100 kwa siku, pamoja na ada ya huduma inayokaribia moja kwa tano, na hununuliwa kwa siku zote za safari. Mtu anayelipa dola 70 kwa siku kwa juma zima hutumia dola 490 kabla ya ada, ambazo ni zaidi ya shilingi 63,000 za Kenya. Kampuni kadhaa huongeza sharti kwamba mtu mzima mmoja katika chumba akinunua kifurushi, watu wazima wengine wa chumba hicho nao wanunue, jambo linalomlazimisha mwenzi asiyekunywa kilevi ama kulipa ama kuanza kueleza hali yake katika dawati la huduma. Hata neno "bila kikomo" lina kikomo chake, kwani kifurushi cha Carnival husimama kwenye vinywaji 15 vya kilevi katika saa 24. Yeyote anayeweza kufikia idadi hiyo hahitaji makala ya gazeti, anahitaji daktari.

Kanuni zenyewe hutofautiana kutoka kampuni hadi kampuni, na hubadilishwa bila hodi, lakini mwelekeo wake unaonekana. MSC, kampuni ambayo Mkenya ana uwezekano mkubwa wa kukutana nayo kwa kuwa meli zake ndizo zinazotumia sana Durban na Dubai, hairuhusu abiria kupanda na kinywaji chochote. Royal Caribbean na Carnival huruhusu chupa moja ya mvinyo ya mililita 750, ikiwa imefungwa, kwa kila abiria aliyetimiza umri wa kunywa, siku ya kupanda pekee, na ikiwa katika mzigo wa mkononi. Norwegian huruhusu mvinyo lakini huutoza ada ya kizibo ya dola 15 kwa chupa ya kawaida hata kama itafunguliwa chumbani na mwenyewe bila mhudumu kuigusa, jambo linaloonyesha kwamba ada hiyo hailipii kazi yoyote. Disney, ambayo wateja wake wengi ni familia zenye watoto, na ambayo kwa hiyo haitegemei sana baa, ni karimu zaidi: chupa mbili za mvinyo au bia sita kwa kila mtu mzima, siku ya kupanda na tena katika kila bandari. P&O ya Uingereza huruhusu lita moja ya kinywaji chochote chenye kilevi, pombe kali ikiwemo. Kampuni mbili zenye meli zinazofanana, zinazopita bahari moja na zenye hatari zilezile za moto na ulevi, zinaweza kuwa na kanuni zisizofanana hata kidogo. Ni vigumu, basi, kuamini kwamba usalama ndio ulioandika kanuni hizo.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatokana na maji. Kwa miaka mingi abiria wa Carnival waliruhusiwa kupanda na maji ya chupa na soda, hadi tarehe 9 Julai 2015 kampuni hiyo ilipopiga marufuku vinywaji visivyo na kilevi vilivyomo katika chupa na kubakiza makopo na maboksi machache, ikieleza kwamba baadhi ya abiria walikuwa wakimimina vodka au jini katika chupa za maji, kufunga upya kifuniko na kupita nazo mbele ya wakaguzi. Mwaka uliofuata Norwegian ilikwenda mbali zaidi na kukataza maji na soda za aina yoyote, isipokuwa maji maalumu ya matibabu na maziwa ya watoto. Maelezo ya kampuni yalikuwa ya kweli, maana hila hizo zilikuwepo na zingalipo: kuna hata mifuko laini ya plastiki inayouzwa makusudi kwa kazi hiyo, ambayo hukunjwa kati ya nguo isionekane kwa umbo, na kuna wanaotia rangi ya kijani au ya buluu katika pombe kali na kuimimina ndani ya chupa ya dawa ya kusukutulia kinywa. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa kwamba abiria asiye na hila yoyote alipoteza haki ya kubeba maji yake, akabaki na maji ya bure ya mashine za mkahawa wa melini au ya chupa yanayouzwa humo.

Maji ya bure ndiyo, kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, mpaka wa haki katika suala zima. Mahakama ya Juu ya India ililiweka jambo hili vizuri mwezi Januari 2023, ilipoamua kwamba mwenye jumba la sinema ana haki ya kukataza vyakula na vinywaji vya nje kwa kuwa jumba ni mali yake na mteja haji pale kwa kulazimishwa, lakini kwamba sharti atoe maji safi ya kunywa bila malipo na aruhusu chakula cha mtoto mchanga. Meli kubwa hutimiza masharti hayo kwa kiasi kikubwa. Hoja ya hiari, hata hivyo, hulegea kidogo baharini, kwani mtazamaji wa sinema akikerwa na bei ya soda ana njia ya kutokea mlangoni.

Lililo gumu zaidi kulitetea ni chombo kinachotumika kusimamia kanuni. Ukaguzi wa mizigo ya abiria kwa mashine ya eksirei, yaani mashine inayoonyesha kwa picha yaliyomo ndani ya begi bila kulifungua, ulienea katika bandari za dunia kutokana na Kanuni za Kimataifa za Usalama wa Meli na Bandari, zilizopitishwa mjini London Desemba 2002 kufuatia mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Lengo lake lilikuwa silaha na vilipuzi. Pwani ya Afrika Mashariki haihitaji kuelezwa umuhimu wake: tarehe 5 Novemba 2005 maharamia walio ndani ya boti ndogo waliishambulia kwa bunduki na makombora meli ya kitalii Seabourn Spirit ilipokuwa nje ya Somalia ikielekea Mombasa, na meli ikageuza njia hadi Ushelisheli, tukio lililochangia kuiweka Kilindini nje ya ratiba za kampuni nyingi kwa miaka. Mashine iliyowekwa kwa sababu nzito kiasi hicho sasa hutumia sehemu ya siku yake kuhesabu chupa za mvinyo kwa niaba ya baa. Mkaguzi akiona umbo la chupa isiyoruhusiwa katika sanduku, sanduku hilo halipelekwi chumbani. Mwenyewe huitwa katika chumba cha pembeni kulifungua mbele ya walinzi, na kinachotolewa huhifadhiwa au humwagwa kulingana na kanuni za kampuni.

Mkazi wa Muthangari hahitaji kufika Durban ili kuuona mchanganyiko huo wa ulinzi na biashara, kwa maana upo Syokimau. Katika Kituo Kikuu cha Nairobi cha Madaraka Express, treni iliyoanza kuchukua abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, wasafiri hupanga mabegi yao chini kwa mstari mrefu, husogea kando, na mbwa wa kunusa hupitishwa juu ya mstari huo begi kwa begi huku wenye mabegi wakitazama kwa utulivu usio wa kawaida kwa Wakenya walio kwenye foleni. Baada ya hapo mabegi huinuliwa na kuwekwa kwenye mkanda wa eksirei. Kileo kimo katika orodha ya vitu visivyoruhusiwa kubebwa, na chupa inayoonekana kwenye mashine hubaki kituoni. Abiria yuleyule, akiisha kuketi na treni ikaingia mbuga ya Tsavo, anaweza kwenda behewa la mkahawa na kununua bia baridi. Treni ya usiku iliyoitangulia, ambayo safari zake zilikoma mwaka huohuo, ilikuwa na mkahawa wake wa vitambaa vyeupe kwa wa daraja la kwanza, lakini wa daraja la tatu walijinunulia ndizi, mahindi na soda madirishani katika vituo vya njiani, na shirika la reli halikujiona limeibiwa.

Hoja ya usalama haipaswi kupuuzwa yote. Mhudumu wa baa aliyefunzwa humtambua mlevi na kuacha kumuuzia, ambapo anayekunywa mzinga wake chumbani, kwenye roshani iliyo ghorofa ya kumi juu ya maji, hana wa kumzuia. Glasi iliyovunjika kando ya bwawa la kuogelea ni hatari halisi. Na upande wa pili wa kaunta kuna watu ambao Wakenya wanawafahamu, kwa kuwa tangu mwishoni mwa muongo wa 2010 vijana kutoka Mombasa, Nairobi na kwingineko wameajiriwa katika meli za MSC kama wahudumu wa baa, wa mikahawa na wa vyumba, na katika kampuni nyingi mhudumu wa baa hupata sehemu ya kipato chake kutokana na ada ya huduma inayoongezwa kwenye kila kinywaji kilichouzwa. Chupa iliyofichwa katika soksi haimpunji mwenye hisa wa Miami peke yake. Pamoja na hayo, kampuni zingejijengea heshima zaidi kama zingetenganisha waziwazi mambo haya mawili: zikataze pombe kali na vioo kwa jina la usalama, na zitoze au zizuie mvinyo na soda kwa jina la biashara, badala ya kutumia jina moja kufunikia yote.

Umri nao huleta mkanganyiko. Sheria ya Kenya ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, inayojulikana zaidi kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, John Mututho, inamruhusu mtu wa miaka 18 kununua kileo, ingawa sera ya kitaifa iliyozinduliwa Julai 2025 ilipendekeza umri huo upandishwe hadi 21. Meli zinazoondoka bandari za Marekani hushika miaka 21, na kampuni hizohizo hushusha hadi 18 zinapoondoka Ulaya au Amerika ya Kusini. Mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye miaka 19 anayesafiri na wazazi wake anaweza, kwa hiyo, kuwa mtu mzima Lavington, mtoto Miami, na mtu mzima tena Barcelona, na haki ya familia ya kupanda na chupa moja zaidi ya mvinyo hupanda na kushuka pamoja naye.

Chupa inayotoka Muthangari hukutana na kanuni nyingine kabla ya zile za meli. Njia ya kawaida siku hizi ni kupanda barabara ya juu ya Nairobi Expressway kutoka Westlands hadi Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, ambapo kioevu chochote kinachozidi mililita 100 hakipiti katika mzigo wa mkononi, na chupa sharti iwe imewekwa katika mzigo wa chini ya ndege. Usafiri wa anga hauwekei mpaka vinywaji vyenye kilevi kisichozidi asilimia 24, kundi ambalo mvinyo na bia zimo. Vya kati ya asilimia 24 na 70 huruhusiwa hadi lita 5 kwa abiria, vikiwa katika chupa zake za dukani zilizofungwa. Vinavyozidi asilimia 70 havipandi ndege kabisa. Anayeshukia Dubai akiwa si Mwislamu huruhusiwa kuingia na lita 4. Anayechagua nauli nafuu ya ndege inayotoka Nairobi kwenda Sharjah, umbali mfupi tu kwa gari kutoka Dubai, anashukia emirati iliyopiga marufuku pombe, na chupa aliyoilinda kwa fulana tatu ndani ya sanduku inaweza kumletea shida hata kabla ya kuiona meli. Afrika Kusini huruhusu lita 2 za mvinyo na lita 1 ya pombe kali bila ushuru. Kwa msafiri wa MSC, ambayo haipokei chupa yoyote, hesabu yote hii huishia kwenye kinywaji cha hotelini usiku wa kuamkia safari.

Vinywaji vinavyonunuliwa njiani vina utaratibu wao. Abiria anayenunua konyagi Zanzibar, ramu Morisi au mvinyo Cape Town huikabidhi kwa walinzi anaporudi melini, hupewa risiti, na chupa huwekwa ghalani hadi usiku wa mwisho au asubuhi ya kushuka, ndipo hurudishiwa. Vivyo hivyo kwa zile zinazouzwa na duka la melini lenyewe, ambalo huuza bila ushuru kwa sharti kwamba kinachouzwa hakitanywewa humo. Kwa hiyo abiria anaweza kukaa siku saba juu ya ghala lenye chupa yake halali, aliyoilipia, huku akinunua glasi ya kinywaji kilekile ghorofa nne juu kwa bei mara kadhaa.

Akirejea Nairobi, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humruhusu msafiri aliyetimiza miaka 18 kuingia bila ushuru na pombe kali isiyozidi lita 1 au mvinyo usiozidi lita 2, na kinachozidi hapo hutakiwa kutajwa kwa afisa wa forodha na kulipiwa. Mfuko wa plastiki wa duka lisilo la ushuru hubaki uwanjani, kwa kuwa mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na chupa huhamishiwa ndani ya begi. Haina stempu ya ushuru ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya, ile karatasi ndogo inayobandikwa kwenye kifuniko cha kila chupa halali ya dukani, na hivyo haiwezi kuuzwa kwa yeyote. Inaweza tu kunywewa na mwenyewe au kupelekwa kwa rafiki Jumamosi jioni, bila ada ya kizibo.